Msaada wa Fedha Taslimu kwa Kaya za Wakulima Wakati wa Ukame: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Ukame huila kaya ya mkulima kwa mpangilio unaojulikana. Mvua zinapochelewa, kaya hupunguza milo na kuanza kununua nafaka kwa mkopo. Mvua zinapokatika kabisa huuzwa kuku na mbuzi, kisha ng'ombe. Baada ya hapo huliwa mbegu iliyohifadhiwa kwa ajili ya msimu ujao, watoto huachishwa shule, plau na mabati ya nyumba huuzwa, na mwishowe shamba lenyewe huwekwa rehani au watu huhama. Hasara ya hatua za mwanzo inaweza kufidiwa kwa msimu mmoja mzuri, lakini ile ya hatua za mwisho huchukua miaka mingi, na zipo kaya ambazo hazisimami tena.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kamati za vijiji, vyama vya ushirika, mashirika madogo na maofisa wa ustawi wa jamii wanaotaka kuzisaidia kaya hizo kwa kuzipa fedha mkononi. Hoja inayouongoza ni moja: fedha zinazomfikia mkulima kabla hajauza ng'ombe wa kulimia au kula mbegu yake hufanya kazi ambayo kiasi hicho hicho hakiwezi kuifanya baadaye, kwa sababu kumnunua upya ng'ombe aliyeuzwa wakati wa shida hugharimu zaidi sana kuliko alivyouzwa. Kila hatua iliyoelezwa hapa inapaswa kupimwa kwa swali hilo la wakati.

Hatua ya kwanza: elewa njaa inatoka wapi

Wengi hudhani kwamba ukame huleta njaa kwa sababu chakula kimekwisha. Mara nyingi chakula kipo, ila mkulima hana cha kukinunulia. Mchumi Amartya Sen alionyesha mwaka 1981, kwa kuchunguza njaa kadhaa kubwa, kwamba watu hufa njaa wanapopoteza uwezo wa kukipata chakula, hata kama kipo sokoni. Mmoja wa mifano yake ulikuwa jimbo la Wollo nchini Ethiopia mwaka 1973, ambako mavuno yalikuwa yameharibika lakini bei za vyakula mjini Dessie hazikupanda sana, na kiasi fulani cha chakula kilikuwa kikitolewa nje ya jimbo hilo. Wakulima waliopoteza mavuno yao walikuwa wamepoteza pia kipato chao, kwa hiyo hawakuwa na nguvu ya kukivuta chakula hicho kibaki kwao.

Kwa mfugaji na mkulima mwenye mifugo, mambo huwa mabaya mara mbili. Ukame unapozidi, wote hupeleka mifugo sokoni kwa wakati mmoja, mifugo hiyo ikiwa imekonda, na bei yake huanguka. Wakati huo huo bei ya nafaka hupanda. Mbuzi aliyekuwa akibadilishwa kwa gunia zima sasa hununua debe moja au mawili. Ukitaka kujua ukame umefika wapi katika eneo fulani, andika kila juma mbuzi mmoja wa wastani ananunua kilo ngapi za nafaka. Uwiano huo hueleza hali ya kaya mapema kuliko takwimu za mavuno, na mtu yeyote mwenye daftari anaweza kuupata.

Hatua ya pili: chunguza soko kabla ya kuahidi chochote

Fedha husaidia pale ambapo kuna kitu cha kununua. Kwa hiyo kabla ya kutangaza msaada, zungumza na wafanyabiashara wa nafaka wasiopungua watano katika kila soko linalotumiwa na vijiji unavyokusudia kuvisaidia. Waulize wanatoa wapi bidhaa zao, wanachukua siku ngapi kuleta shehena mpya, wangeweza kuleta kiasi gani iwapo wanunuzi wangeongezeka, na ni kitu gani kingewazuia. Jibu la swali la mwisho ndilo la muhimu kuliko yote. Mfanyabiashara akisema kwamba anakosa wateja wenye fedha, umepata uthibitisho kwamba fedha ndizo zinazohitajika. Akisema kwamba barabara imekatika, mpaka umefungwa, au mzigo wote umeshikwa na mtu mmoja anayepanga bei apendavyo, fedha peke yake zitapandisha bei na kumnufaisha yeye.

Hofu kwamba fedha hupandisha bei ni ya haki, lakini mara nyingi hutiwa chumvi. Utafiti mkubwa uliofanyika katika Kaunti ya Siaya nchini Kenya, ambako zaidi ya kaya 10,500 zilipewa takriban dola 1,000 za Marekani kila moja, ulilinganisha vijiji 653 na kukuta kwamba bei ziliongezeka kwa takriban asilimia 0.1 tu kwa wastani, na kwamba kila dola iliyotolewa ilizalisha shughuli za kiuchumi za takriban dola 2.5 katika eneo hilo, zikiwanufaisha hata majirani ambao hawakupewa kitu. Ni lazima niseme kwamba matokeo hayo hayakutoka katika mazingira ya ukame mkali, na soko la eneo lenye mvua na barabara si sawa na soko la mwisho wa njia katika nchi kavu. Ndiyo sababu hatua hii hairukwi.

Soko likiwa dhaifu, zipo njia za kati. Unaweza kutoa nusu kwa fedha na nusu kwa nafaka hadi wafanyabiashara wajipange, au kuwatangazia mapema tarehe na jumla ya fedha zitakazotolewa ili walete mzigo, jambo ambalo aghalabu hutosha kulifufua soko lililolala.

Hatua ya tatu: weka kizingiti kabla ukame haujaanza

Hapa ndipo misaada mingi huanguka. Fedha huwa zipo, watu wa kuzigawa wapo, lakini uamuzi husubiri hadi picha za mizoga ya mifugo zionekane. Nchini Somalia tahadhari za ukame zilitolewa tangu mwishoni mwa mwaka 2010, baa la njaa likatangazwa rasmi Julai 2011, na ugawaji mkubwa wa fedha kupitia mitandao ya hawala, yaani mawakala binafsi wa kutuma fedha, ukaanza baada ya tangazo hilo. Ulifanya kazi nzuri, kwa sababu wafanyabiashara wa Somalia walikuwa bado wanaingiza nafaka hata mahali ambapo malori ya msaada hayakuweza kufika. Hata hivyo, inakadiriwa kwamba takriban watu 260,000 walikufa katika janga lile, na kwa wengi wao fedha zilichelewa.

Tiba ya ucheleweshaji ni kukubaliana kwa maandishi, wakati wa amani, juu ya dalili zitakazofungua mkoba bila mkutano mwingine. Kenya ina mfano unaofaa kuigwa: mpango wa serikali wa kukabiliana na njaa, ulioanzia katika maeneo ya Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, hulipa kaya zilizosajiliwa kwa utaratibu wa kawaida, na ukame unapozidi huongeza kaya nyingine zilizosajiliwa mapema. Uamuzi huo huongozwa na kipimo cha hali ya uoto kinachopatikana kwa setilaiti. Siri ya mpango huo ni usajili wa mapema, kwani kaya za ziada huwa tayari na akaunti, hivyo hakuna miezi inayopotea kwa kuorodhesha watu wenye njaa.

Kikundi kidogo hakihitaji setilaiti yake. Chagua dalili tatu au nne ambazo zinaweza kupimwa kijijini na ambazo hakuna mtu anayeweza kuzigeuza kwa maslahi yake. Mimi ningechagua hizi: utabiri wa msimu unaotolewa na mamlaka ya hali ya hewa, idadi ya siku ambazo mvua za kupandia zimechelewa kuliko kawaida, uwiano wa bei ya mbuzi na nafaka, na umbali wanaotembea watu kufuata maji. Andikeni kwamba zikitimia mbili kati ya hizo, malipo ya kwanza hutoka ndani ya siku 14. Je, ikiwa mvua zitanyesha baadaye na hofu ikawa bure? Fedha hizo zitakuwa zimelipa madeni, ada za shule na mbegu za kaya maskini. Hasara hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kuchelewa.

Hatua ya nne: chagua kaya kwa uwazi

Pale ambapo kijiji kizima kimepoteza mavuno, ningeshauri kila kaya ipewe, hata kama kiasi kitapungua kidogo. Gharama ya kuchuja, pamoja na chuki inayozaliwa na uchujaji huo, mara nyingi hula faida yote ya kuchagua.

Pale ambapo fedha hazitoshi, kijiji chenyewe kiweke vigezo katika mkutano wa hadhara: kaya zisizo na mtu mwenye nguvu za kufanya kazi, kaya zinazoongozwa na wajane au wazee wanaolea wajukuu, kaya zenye mtu mwenye ulemavu au mgonjwa wa muda mrefu, na kaya zisizo na mifugo wala ardhi. Orodha isomwe hadharani, ibandikwe kwa siku saba, na malalamiko yasikilizwe na watu tofauti na wale walioiandaa. Ofisi ya mtendaji au mzee wa kijiji isiachiwe orodha peke yake, hata kama mwenye ofisi ni mtu mwema, maana hata mtu mwema hulemewa na ndugu zake.

Kuna watu ambao orodha huwasahau karibu kila mara: wakulima wanaolima kwa kukodi na ambao makazi yao yako kwingine, wafugaji waliohama kufuata malisho siku ya usajili, wake wa pili na wa tatu katika ndoa za mitala ambao huhesabiwa chini ya jina la mume ilhali kila mmoja ana jiko lake, na watu wasio na kitambulisho. Watafuteni hao kwa makusudi, na kwa asiye na kitambulisho mkubali mashahidi wawili wanaoaminika.

Hatua ya tano: kadiria kiasi kwa hesabu inayoeleweka

Kiasi kisitokane na bajeti kugawanywa kwa idadi ya watu tu. Anzeni na kapu la mahitaji ya chini la mwezi mmoja. Kipimo cha kimataifa cha chakula katika dharura ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kwa kaya ya watu sita ni kalori 12,600 kila siku. Tafuteni ni kiasi gani cha nafaka, kunde na mafuta ya kula kinachofikisha idadi hiyo kwa bei ya soko la karibu, kisha ongezeni gharama ambazo watu husahau: kusaga, kuni au mkaa, maji ya kununua, sabuni, dawa na nauli ya kwenda sokoni.

Baada ya hapo ondoeni kile ambacho kaya inaweza kukipata yenyewe bila kuuza mali ya uzalishaji. Ikiwa kapu zima linagharimu sehemu 100, na kaya bado inapata sehemu 35 kutokana na vibarua na akiba iliyobaki, pengo ni 65, na hilo ndilo la kuzibwa. Mkiziba 30 pekee, kaya itaendelea kuuza mbuzi wake kwa ajili ya sehemu 35 zilizobaki, nanyi mtakuwa mmechelewesha tu anguko lake. Ni afadhali kuzisaidia kaya chache kwa ukamilifu kuliko kuzigawia nyingi kiasi kisichozuia kitu. Najua ushauri huu ni mgumu kuusimamia mbele ya umati.

Bei za wakati wa ukame hazitulii, kwa hiyo pigeni hesabu ya kapu upya kila mwezi, na kiasi kipandishwe gharama zikiongezeka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Kuhusu malipo ya mara moja au ya kila mwezi, utafiti wa Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro uliofanyika nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba kaya zilizolipwa kila mwezi ziliimarika zaidi katika chakula, ilhali zilizolipwa kwa mkupuo zilinunua zaidi vitu vya kudumu. Katika ukame, mkulima anahitaji vyote viwili kwa nyakati tofauti. Mpangilio ninaouona bora ni malipo ya kila mwezi wakati wa njaa, na malipo makubwa zaidi mara moja, majuma matatu au manne kabla ya kupanda, ili anunue mbegu, akodi wanyama wa kulimia na kulipa vibarua.

Hatua ya sita: chagua njia ya kulipa

Njia bora ni ile ambayo watu tayari wanaitumia. Mahali penye mtandao wa simu na mawakala, malipo kwa simu hupunguza safari na macho ya watu. Katika eneo la Tahoua nchini Niger, baada ya mavuno ya 2009 kuharibika kwa ukame, vijiji 96 vilipewa kiasi kile kile cha fedha, vingine kwa mkono na vingine kwa simu. Waliolipwa kwa simu walitumia muda mfupi zaidi kuzifuata fedha zao, na aina za vyakula walizokula ziliongezeka kwa asilimia 9 hadi 16 zaidi ya wenzao. Watafiti walihusisha tofauti hiyo na muda uliookolewa na nafasi kubwa zaidi waliyokuwa nayo wanawake katika kuamua matumizi.

Kabla ya siku ya malipo, hakikisheni kwamba mawakala wana fedha za kutosha kwenye droo. Kaya mia tatu zikipokea ujumbe asubuhi moja na wakala akawa na uwezo wa kulipa thelathini, wengine watatembea mara mbili au tatu wakiwa na njaa. Ni vyema kuvipangia vijiji siku tofauti. Ada ya kutolea iongezwe juu ya kiasi cha msaada. Wasio na simu wapewe muda wa kumteua mtu wanayemwamini, na wafundishwe kwamba namba ya siri haipewi wakala, mjumbe wa kamati wala mtu wa shirika.

Hatua ya saba: zungumza na kaya kwa ukweli

Kila kaya ielezwe mambo manne kwa maneno yasiyopindika: fedha hizi ni zao na si mkopo, zitatolewa mara ngapi na zitakoma lini, hakuna mtu mwenye haki ya kukatiwa fungu, na malalamiko yanapelekwa kwa nani. Kauli ya tatu irudiwe katika kila mkutano, kwa sababu makato ya "shukrani" ndiyo wizi ulioenea zaidi, nao hufanyika kwa upole na kwa tabasamu.

Mume na mke wazungumziwe pamoja kuhusu nani atapokea na kwa nini. Kumpa mke fedha bila mazungumzo kunaweza kuzua ugomvi nyumbani; kumpa mume kwa mazoea kunaweza kuwaacha watoto bila chakula.

Msiweke masharti ya matumizi. Swali kama fedha zitaishia kwenye pombe huulizwa kila mahali, na jibu lipo: watafiti David Evans na Anna Popova walipokusanya tafiti 19 kutoka nchi mbalimbali, hawakuona kwamba misaada ya fedha huongeza matumizi ya pombe na sigara kwa ujumla. Kuna matumizi mengine ambayo wafadhili huyatilia shaka bila sababu, hasa kulipa deni la dukani. Kwa mkulima, deni likilipwa, mlango wa mkopo hufunguka tena, na mkopo huo ndio utakaomvusha juma ambalo malipo yamechelewa. Vivyo hivyo kwa malisho. Kununua majani makavu ya kulisha mifugo wakati watu wana njaa huonekana kama anasa, lakini kuokoa majike wawili wa kuzaa ni kuokoa maziwa na kundi la mwaka unaofuata.

Fedha haziponyi kila kitu. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anahitaji matibabu na chakula maalumu cha tiba. Kisima kilichokauka hakijazwi kwa malipo ya kaya mojamoja. Na chanjo ya mifugo hainunuliki mahali ambapo haiuzwi. Mwenye kugawa fedha afuatane na wenye kazi hizo.

Hatua ya nane: fuatilia kwa maswali machache

Majuma mawili baada ya kila malipo, tembeleeni kaya moja kati ya kumi na kuuliza: ulipokea kiasi kamili, ulisafiri muda gani, jana kaya ilikula milo mingapi, mwezi huu mmeuza mnyama, mbegu au chombo chochote cha kazi ili mpate chakula? Swali la mwisho ndilo kipimo cha kazi yenu yote. Mauzo hayo yakiendelea, ama kiasi ni kidogo ama fedha zinachelewa, na kosa lirekebishwe kabla ya malipo yanayofuata. Majina na namba za simu za wanaopokea vitunzwe kwa siri, visisambazwe kwenye makundi ya simu.

Hatua ya tisa: usikome mvua inaponyesha

Mvua za kwanza huleta furaha, na wafadhili hufunga daftari. Kwa mkulima huo ndio mwanzo wa miezi migumu kuliko yote. Ghala ni tupu, bei ya nafaka iko juu, kazi ya kulima, kupanda na kupalilia inahitaji nguvu nyingi, na mavuno yako mbali kwa miezi mitatu au zaidi. Kaya iliyokatiwa msaada wakati huo hulazimika kwenda kulima mashamba ya wengine ili ipate chakula cha siku, huku shamba lake likimezwa na magugu, na mavuno yake huwa haba hata kama mvua zilikuwa nzuri.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ya bajeti, tengeni fedha za kipindi hicho na msizihamishe. Malipo ya mwisho yapangwe mwezi ambao kaya nyingi zitaanza kula mazao ya shambani kwao, yapunguzwe taratibu katika miezi miwili ya mwisho badala ya kukatwa ghafla, na tarehe ya kukoma itangazwe mapema. Orodha ya kaya, namba zao na daftari la bei vihifadhiwe na kamati ya kijiji, ili ukame ujao ukianza usajili uwe umekwisha kufanyika.